Asumini juu ya paa, South C, Nairobi: shajara ya mradi mpaka siku ya kupamba

Februari, mwisho wa mwezi

Haya, mradi umeanza. Binti wa dada yangu anaolewa Desemba, kupamba, ile siku ya bi harusi kupambwa, kutafanyika hukuhuku Nairobi, na mamkubwa ameshatoa onyo mapema kwamba hataki kuona maua ya plastiki kichwani mwa bi harusi wa nyumba yetu. Sasa asumini, yale maua meupe ya kunukia ya kwetu pwani, Nairobi utazipata wapi? Kawaida watu huagizia Mombasa, mtu anazinunua Mji wa Kale alasiri, anazifunga kwa jani la mgomba, zinapanda basi la usiku, asubuhi unapokea parseli River Road na ukifungua unakuta hudhurungi tupu, harufu ipo lakini sura imeshaenda. Ua la asumini likishafunguka lina usiku mmoja wa kujionyesha, kesho yake linaanza kulala, kwa hiyo ule muda wake wenyewe ndio unaoliwa na barabara.

Kwa hiyo nazipanda mwenyewe. Niko gorofa ya mwisho na mama mwenye nyumba amenikubalia kona moja ya paa pale tunapoanika nguo, bora maji yasivujie watu wa chini. Jua lipo la kutosha, upepo ndio mwingi, ila kuna ukuta mweupe unaopigwa na jua la mchana mpaka jioni unakuwa na joto ukiugusa, na hapo ndipo nitapanga ndoo zangu. Lengo: koja la nywele la bi harusi, yaani maua yaliyotungwa kwenye uzi, na vikuba, vile vishada vidogo vya kubana kifuani, vya kina mama wa karibu, maua yachumwe jioni ileile.

Nimeanza na nesari za miche za kando ya barabara, Ngong Road, Lang'ata, mpaka upande wa Kiambu Road, na wacha niwaambie, ukisema unataka jasmini unaonyeshwa kitu tofauti kila mahali. Wa kwanza alinipa ile inayotambaa yenye matumba ya waridi kwa nje na ua jeupe jembamba ndani, hiyo ni Jasminum polyanthum ya China, asumini ya kweli kabisa, na Nairobi inaipenda sababu inataka usiku wa baridi ndio ifunge matumba, lakini ua lake ni jepesi mno, ukilitunga kwenye uzi linapasuka. Wa pili alinipa mmea wa majani magumu wenye maua ya nyota, nikavunja jani moja likatoa maziwa, basi nikajua si asumini hata kidogo, hiyo ni Trachelospermum, ukoo mmoja na oleanda. Wa tatu alikuwa na ile ya manjano ya kupandia uani, mapambo mazuri, harufu sifuri. Wa nne sasa ndiye aliyenishtua, maana aliniapia kwamba yake ndiyo inanukia kushinda zote na ni kweli, ila ile ni Cestrum nocturnum, ile inayojaza barabara za Kileleshwa na Lavington usiku mpaka kichwa kinauma. Hiyo ni ukoo wa nyanya na mnavu, na vitunda vyake vyeupe ni sumu. Mtu akinunua pale akaenda kutia kwenye chai kwa kuamini ni asumini, itakuwa habari nyingine.

Ninayoitafuta mimi ni Jasminum sambac, ile ya kwetu pwani. Ukitaka kuitambua angalia jani kwanza: ni moja moja, pana, la kung'aa, limekaa wawiliwawili au watatuwatatu kwenye kifundo, halijagawanyika vijani kama la polyanthum. Ua ni nene, jeupe, ukilibonyeza unahisi nyama. Mwishowe nimepata ndoo mbili za miti iliyokomaa kwa mzee mmoja ambaye wala hakuwa ameziweka mbele, zilikuwa nyuma ya kibanda chake kwa sababu, anasema, wateja hawazitaki, zina maua machache kwa hii baridi.

Machi

Mvua imenyesha mara ya kwanza na mimi nimeingia kwenye vipandikizi. Mwasumini wa aina hii ni nadra sana kufunga mbegu, kwa hiyo karibu kila mmoja unaouona ni kipande cha mwingine kilichokatwa na kupandwa, kutoka India kuvuka bahari mpaka Lamu na Mombasa, sasa South C.

Nimechukua kutoka sehemu mbili. Dada yangu amenitumia vijiti kutoka uani kwao Mombasa vikiwa vimefungwa kwa kitambaa chenye maji, hivyo ni vya petali chache, ile ya kawaida ya kwetu. Vingine nimepewa na bibi mmoja wa Kigujarati pale Parklands, sote tunamwita Ba, ambaye ana mogra, ndivyo wao wanavyoiita sambac, kwenye mapipa tangu zamani. Mogra yake ni ya petali nyingi, tumba la mviringo, moja yao imejaa petali mpaka inafanana na waridi dogo, wenye vitalu wanaiita Grand Duke of Tuscany. Ba anasema za mviringo ndizo zinazokaa vizuri kwenye uzi. Mamkubwa alipoona picha akajibu na voisi noti: "Hiyo ni ya hekaluni kwao, sisi twataka asumini yetu." Nitapanda zote mbili, tutajua mbele.

Namna ya kupanda, kwa wanaoniuliza: kijiti cha urefu wa kiganja, kisiwe kichanga cha kijani laini na kisiwe kimeshakuwa mbao, kiwe na vifundo vitatu hivi. Majani ya chini toa yote, ya juu kata nusu ili yasinywe maji kuliko kijiti kinavyoweza kuvuta. Nimechomeka kwenye pumisi (vijiwe vyepesi vya volkeno) iliyochanganywa na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), kifundo kimoja kikiwa chini. Juu inatakiwa ifunikwe ili unyevu usikimbie, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017 sina mfuko wa kufunikia, kwa hiyo nimekata vitako vya chupa za maji za lita tano nikazisimamisha juu ya vikopo, kifuniko nafungua asubuhi kidogo hewa ipite. Inafanya kazi kuliko mfuko.

Ile miti mikubwa nayo nimeilaza tawi: unachukua tawi refu la chini, unalikwaruza kidogo chini ya kifundo, unaliinamisha kwenye kikopo cha udongo cha pembeni, unalikandamiza kwa jiwe na kuliacha. Litatoa mizizi huku bado linanyonya kwa mama yake. Hii ndiyo njia ya mtu mvivu na ndiyo ya uhakika zaidi.

Aprili hadi Mei

Mvua, mvua, mvua. Udongo wa South C ni ule mweusi wa kunata, ukikauka unapasuka na ukilowa unashika maji wiki nzima, mizizi ya asumini inaozea humo. Nimelipa kijana wa mkokoteni aniletee udongo mwekundu wa upande wa Kiambu, nikachanganya na samadi iliyooza vizuri na pumisi, kila ndoo ya rangi ya lita ishirini nimetoboa matundu chini na kuinua juu ya vipande vya matofali. Vipandikizi vingi vimeshika. Vya Ba vimechelewa lakini vimeshika.

Tatizo la mwezi ni rangi. Majani machanga ya juu yamegeuka njano huku mishipa imebaki kijani, na hiyo si njaa ya samadi, hiyo ni chuma. Yaani chuma kipo kwenye udongo lakini mmea haukipati, kwa sababu asumini anataka udongo wenye uchachu kidogo na maji ya ploti yetu ni ya kisima kirefu, yale ya chumvi ambayo birika likichemshwa linabaki na ukoko mweupe. Maji ya namna hiyo yanauvuta udongo upande wa pili polepole kila unapomwagilia. Maji ya kanjo, yale ya bomba la jiji, ni bora lakini yanakuja siku zake, wenyewe mnajua. Kwa hiyo nimeongea na keateka, mwangalizi wa jengo, tumeweka pipa chini ya bomba la paa tukinge maji ya mvua, na agroveti, duka la pembejeo, wamenipa unga wa chuma wa kuchanganya na maji. Majani yaliyokwisha kugeuka hayarudi sana, yale mapya ndiyo yanatoka kijani. Nimeridhika.

Juni

Mamkubwa amekuja kutoka Pangani ya hapahapa Nairobi kukagua. Amepanda ngazi zote zile akilalamika, amefika juu akashika jani, akalinusa (jani halina harufu, lakini alilinusa), akakaa kwenye kiti cha plastiki na kunipa darsa ambalo ningetamani ningelirekodi.

Kikuba kwanza. Watu wa bara wanafikiri kikuba ni shada dogo tu la asumini, kumbe asumini ni mwenzi mmoja tu ndani yake. Kuna mkadi, ule mti wa majani marefu yenye miiba unaomea pwani, shada la ua lake linakatwa vipande na linanukia mpaka likikauka. Kuna rihani, inayotoa harufu kila ukisogea na nguo ikaisugua. Ukibahatika unapata kilua, ua jingine la kunukia. Asumini zinatungwa kwenye uzi au vijiti vyembamba, vyote vinafungwa pamoja kidogo tu, saizi ya kushikwa kwa vidole viwili, kisha kinabanwa kifuani kwa pini chini ya buibui. Kazi yake anaijua mwenyewe anayekivaa na mtu aliyeruhusiwa kukaribia. Mamkubwa alisema hapo akacheka na akakataa kufafanua.

Halafu nywele. Koja la kuzungushia kishungi au uzi mrefu wa maua unaoteremka mgongoni na msuko. Halafu kitandani kwa maharusi, asumini zinamwagwa juu ya shuka. Halafu kabatini, maua yaliyokaukia kwenye kikuba hayatupwi, yanawekwa katikati ya leso na nguo za kutokea. Kwenye singo la bi harusi, lile la kusugulia mwili, asumini inaingia pamoja na liwa, mlangilangi, karafuu, marashi ya waridi. Na mafuta ya nazi ya nywele, unajaza asumini kwenye chupa, unaanika juani, unachuja, unatia nyingine.

Nikamwambia mamkubwa habari niliyoipata kwa Ba, kwamba kusini mwa India mama aliyejifungua akitaka maziwa yakauke anafungiwa asumini kifuani. Si hadithi tu, mwaka 1988 madaktari wa India walichapisha utafiti waliolinganisha maua hayohayo ya sambac na bromokriptini, dawa ya hospitali ya kukausha maziwa, kwa akina mama waliojifungua, na maua yalipunguza maziwa kweli. Mamkubwa alinyamaza, nikaona anapiga hesabu. Mwisho akasema, "Basi mwenye mtoto mchanga avae kikuba nyweleni." Limekuwa ndilo agizo rasmi la harusi, tuna wanaonyonyesha wawili kwenye orodha.

Nimesoma pia kwamba Ufilipino ndiyo ua lao la taifa tangu 1934, wanaliita sampaguita na makoja yake yanauzwa nje ya makanisa, na kule Java bi harusi anavikwa melati kichwani mpaka kifuani. Kwa hiyo kuanzia Manila mpaka Lamu ua ni hilohilo, kila mtu anajua ni la kwao. Jamaa zake wa Kiafrika tunao pia, afu, asumini ya mwituni, na Jasminum abyssinicum inayopanda miti kwenye misitu ya nyanda za juu. Kuna moja ya Afrika, Jasminum fluminense, ilibebwa zamani mpaka Brazil na huko ndiko mtaalamu aliyeipa jina alikoikuta, kwa hiyo jina lake la kisayansi ni la Rio de Janeiro na mmea ni wa huku. Sasa hivi iko Florida inasumbua misitu yao.

Julai

Hakuna cha kuandika. Baridi. Asubuhi paa lote lina ukungu, mimea imesimama tu, haikui haifi. Maji nimepunguza, mbolea nimesimamisha kabisa, sababu mmea uliolala ukiulisha unaozesha mizizi. Watu wa grupu ya WhatsApp ya harusi wananiuliza maua yako wapi na ninawajibu kwa emoji.

Jambo moja tu, na ni la jikoni. Nimechukua chupa ya mafuta ya nazi nipake nywele, yameganda jiwe. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, Mombasa huyaoni yakiganda, ndiyo maana kule wanaloweka maua kwenye chupa juani, mafuta ni maji muda wote. Lakini mafuta yaliyoganda ndiyo hasa waliyokuwa wakiyatumia watengeneza manukato wa Grasse kule Ufaransa, sema wao walitumia shahamu ya wanyama: wanaipaka kwenye kioo, wanapanga maua ya asumini juu yake, kesho yake wanayatoa na kuweka mapya, mpaka shahamu inashiba harufu. Hawakuyachemsha kwa sababu moto unaiharibu harufu ya asumini, na pia ua hili likishachumwa haliachi kutengeneza harufu, linaendelea kuitoa masaa mengi, kwa hiyo unaliacha lijitoe lenyewe. Basi hii baridi inayonichelewesha maua huenda ndiyo itakayonipa mafuta mazuri kuliko ya pwani. Tusubiri maua.

Agosti mwisho, Septemba

Jua limerudi na wadudu wamerudi. Kwenye vifundo vimetokea vile vidudu vyeupe vya pamba, na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina ujue wao ndio wachungaji, wanavilinda ili walambe utamu wake, kwa hiyo ukiua vidudu bila kushughulikia sisimizi utarudia kazi kila Jumamosi. Nimepaka grisi kwenye matofali yanayoinua ndoo, vidudu nimevifuta kwa pamba yenye spiriti, na jioni napulizia maji ya sabuni na mafuta ya mwarobaini. Usipulizie mchana wa jua, majani yanaungua.

Nimekata pia. Asumini inatoa maua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo mti usiokatwa unakuwa na majani mengi na maua ya kuhesabu. Nimepunguza matawi karibu theluthi, nikatoa na majani ya zamani, nikarudisha samadi. Majirani waliokuja kuanika nguo wameniuliza kama nimegombana na mtu.

Oktoba

MATUMBA! Kwenye ile miti mikubwa ya mzee kwanza, kisha kwenye vipandikizi vya Mombasa, vidogo hivyohivyo, vitatu vitatu kwenye kila ncha, la katikati ndilo linalotangulia.

Nimekaa na tumba moja na tochi ya simu kuanzia alasiri. Saa kumi lilikuwa limefungwa kwa mzunguko, petali zimejisokota upande mmoja, jeupe ila shingoni lina ukijani, na ukilinusa hupati kitu. Magharibi ikaingia, bado. Saa mbili kasoro mzunguko ukalegea, petali ya nje ikaachia, ikakaa hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kuona nimepoteza jioni, halafu zingine zikafuata haraka na harufu haikuja kidogokidogo, ilikuja yote kwa pamoja nikiwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Dada yangu nilipompigia akasema kwao za siku hiyo zilikuwa wazi kabla ya adhana. Hiyo tofauti nimeiandika kwa wino mwekundu, kwa sababu ndiyo itakayopanga saa za siku ya kupamba. Asubuhi ua lilikuwa bado jeupe, jioni yake likaanza wekundu wa zambarau kwenye kingo.

Sinia la mafuta limeanza kazi. Nimepaka mafuta ya nazi kwenye bakuli pana la kioo, unene wa kama nusu sentimita, nimechora mistari kwa uma ili harufu ipate pa kuingilia, maua nimeyalaza kifudifudi, nimefunika, nimeweka kabati la chini lililo baridi. Kila jioni natoa ya jana naweka ya leo. Sheria ni moja: ua lisiwe na tone la maji, ukichuma baada ya mvua acha likauke kwanza kwenye karatasi, la sivyo mafuta yanapata ukungu.

Mwisho wa mwezi nimekata tena nusu ya mimea, ile nyingine nimeiacha. Hii ni ili wimbi la pili la maua liangukie Desemba, wiki kama sita hivi baadaye, na nikikosea upande mmoja upande wa pili uniokoe.

Novemba

Jaribio la chai, kwa sababu maua yalizidi ya mafuta. Wachina wa Fuzhou wana utaratibu wao wa kale, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani: tumba linachumwa mchana, likianza kufunguka usiku linachanganywa na majani ya chai makavu, chai inavuta harufu usiku kucha, asubuhi maua yanatolewa na chai inakaushwa tena. Zile za hali ya juu wanarudia usiku baada ya usiku kwa maua mapya. Mimi nimetumia chai ya kijani ya Kenya ya dukani, tabaka la chai tabaka la maua kwenye mkebe, asubuhi nikachambua maua yote, nikakausha kwenye ovena iliyozimwa ikiwa bado na vuguvugu. Nimerudia. Imetoka tamu sana, haina uchungu wa mwanzo.

Nimefanya na majani ya kawaida meusi pia, yale tunayochemsha na maziwa. Hayo achana nayo, maziwa na sukari vinaifunika harufu yote, umepoteza maua. Mamkubwa ameonja ile ya kijani akarudisha kikombe, "Hii ni ya mgonjwa, nipe ya iliki."

Kutunga ndiko kulikotumaliza. Mamkubwa alikuja na sindano zake ndefu na nyuzi za pamba, akanitazama nikitunga la kwanza, akanipokonya. "Wee mwana, asumini yataka mkono mwepesi, wewe waitoboa kama washona gunia." Sindano inapita kwenye shingo ya kijani chini ya tumba, si kwenye weupe, sababu weupe ukiguswa unapata doa la hudhurungi baada ya muda mfupi. Matumba yanaelekezwa moja kushoto moja kulia, yanabanwa yakaribiane, na uzi usivutwe mpaka shingo zikakatika. Na hapa wacha niseme ukweli mbele ya mamkubwa mwenyewe: mogra ya Ba imeshinda kwenye koja. Ni nzito, mviringo, haigeuki kwenye uzi. Ila harufu, ya kwetu ya petali chache iko juu, hakuna mashindano. Tumekubaliana koja liwe la mogra na vikuba viwe vya asumini yetu, na kila upande umeondoka ukijiona mshindi.

Desemba, baada ya harusi

Nimelala siku mbili ndio naandika.

Wimbi lilikuja, lile la ndoo zilizokatwa Oktoba, limechelewa kidogo tu. Mkadi ulitoka Mombasa kwa basi, huo hauna shida ya safari. Rihani za paa langu. Siku yenyewe ikaamka na mawingu na manyunyu, kipupwe cha Desemba ambacho hakuna aliyekiagiza, na matumba yakakaa yamefungwa kwa ukaidi. Tulichuma saa tisa alasiri, tukatunga mpaka Magharibi, na saa moja bado yamefunga kabisa. Mtu mmoja akasema tuyaweke jikoni kuna joto, pilau inapikwa, mamkubwa akaruka, kichwa cha bi harusi kinuke kitunguu? Ndipo tukaweka sinia bafuni, ndoo mbili za maji ya moto sakafuni, mlango ukafungwa. Mvuke ule na joto lile, baada ya muda kidogo ukifungua mlango harufu inakupiga. Yakatolewa yakiwa ndio yanaachia petali ya kwanza, yakavikwa hivyo, na bi harusi alipoingizwa ukumbini koja lilikuwa limejaa. Vikuba vilitosha watu wa mstari wa mbele na waliokosa wamekasirika, nimewasikia. Wanaonyonyesha walivaa nyweleni.

Hayakutosha ya kitandani, hayo yalitoka Mombasa na tulimwaga hivyohivyo na uhudhurungi wake, taa zilikuwa hafifu.

Mafuta yametoka chupa mbili ndogo. Harufu yake si sawa na ya kuloweka juani, ni ya ua bichi zaidi, haina ule uzito wa kitu kilichochemka. Chupa moja ameichukua bi harusi, ya pili imepotelea kwenye mkoba wa mamkubwa na sitauliza.

Januari

Jua kali, namwagilia asubuhi na jioni, pipa la mvua limeisha na nimerudi kwenye maji ya chumvi kwa hiyo unga wa chuma tena. Nimekata mimea yote. Watu wameomba vipandikizi, nitavitoa Machi mvua ikianza, ukija uje na kikopo chako na udongo, mimi nitatoa kijiti na maelezo. Anayetaka ya petali nyingi akamwombe Ba mwenyewe, ameniambia atatoa lakini lazima ukae unywe chai kwanza. Mwaka huu nataka kujaribu kilua, kama kuna mtu wa Kwale au Lamu mwenye mche naomba aniandikie.